Kibuyu Kilirudi Kimejaa

"Usiziokote! Kaka, nakuomba, usiziokote!"

Mfuko ulikuwa umepasukia katikati ya soko la Ruangwa, msimu wa ufuta, wakati watu wana hela mfukoni na haraka miguuni. Njugu mawe zilitapakaa kati ya ndala za wapita njia: nyekundu, nyeusi, za madoa, nyingine nyeupe kama maziwa. Kijana aliyeinama kusaidia alibaki mkono hewani. Alivaa ovaroli ya bluu iliyotobolewa na cheche, na miwani myeusi ya kuchomelea ameipandisha juu ya paji la uso.

"Nisiziokote? Tuwaachie kuku?"

"Zitachanganyika. Kila mama nimenunua zake. Ukizizoa pamoja, kazi yangu imekufa."

"Kumbe ndiyo wewe! Nimekuona tangu asubuhi. Kikombe kwa mama huyu, kikombe kwa mama yule. Nikasema dada wa watu anapikia midoli."

"Mimi ni mtafiti wa mbegu," Teddy alisema, huku amezuia watu kwa mikono miwili kama trafiki. "Niko kituo cha utafiti Nachingwea."

"Na mimi ni fundi wa kuchomelea, niko kibanda kile kinachorusha cheche. Haya, mtafiti, tuanze na rangi gani?"

Akakaa chini. Mwanaume anayekaa vumbini sokoni kuchambua njugu wakati geti la mteja linamsubiri, huyo tayari ameshapotea, na Teddy aliliona hilo mapema akajifanya hajaliona. Sketi yake ya kitenge ilikuwa imeshika vumbi jekundu mpaka magotini, raba zake nyeupe hazikuwa nyeupe tena. Kila yule fundi, Fidelis kwa jina, alipokosea rangi, alimpiga kofi dogo la mkononi.

"Hiyo ina jicho jeusi. Rudisha."

"Macho yako ndiyo yananichanganya."

"Rudisha njugu, fundi."

Walipomaliza alimwomba namba ya simu. Teddy alimpa, akisema ni kwa ajili ya kazi. Na kweli kazi ilikuwepo. Alihitaji stendi za chuma za kupanga visahani vya maabara, na Fidelis alizitengeneza vizuri kuliko alivyoagizwa, akazipeleka Nachingwea mwenyewe wakati angeweza kuzipakia kwenye basi.

Siku ile Teddy alimwonyesha kazi yake. Kila kisahani kilikuwa na karatasi yenye unyevu na mbegu zimepangwa juu yake. Vingine vilipewa maji safi. Vingine vilipewa maji yenye dawa inayoifanya mbegu ione kiu hata kama imelowa. Vingine vilifungiwa kwenye kabati la joto, joto la udongo wa Januari mvua inapokatika.

"Mnazitesa," alisema Fidelis.

"Tunataka kujua ipi itavumilia. Mvua siku hizi inakuja, inawadanganya wakulima, halafu inaondoka. Mbegu inayokimbilia kuota inakufa njiani."

"Na isiyoota kabisa?"

"Hiyo tunaandika imeshindwa."

"Mna roho ngumu nyie."

Mapenzi yao yalikua kwenye simu, kwa sababu Ruangwa na Nachingwea ni jirani kwenye ramani tu. Ukiwa na kazi ya kuajiriwa ni mbali.

"Umekula, mtaalamu wangu?"

"Nimekula. Wewe umevaa miwani?"

"Nimevaa."

"Muongo. Sauti yako inasema hujavaa. Ukipofuka nitakuongoza kwa kamba, Fide, watu wakucheke."

"Ilimradi kamba umeshika wewe."

"Toka hapa!" Lakini hakukata simu.

Kwao Teddy ni Same, kwa Wapare, binti wa walimu, aliyeletwa kusini na ajira na akakubali kuja kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka. Alikuwa amepanga kukaa kidogo aombe uhamisho. Ilipofika Novemba, korosho zimeshaanza kuuzwa, alikuwa ameacha kuuzungumzia uhamisho, na Fidelis akamchukua kwa pikipiki mpaka Nambilanje kumwonyesha kwa mama yake.

Mama Kornelia alikuwa mwembamba, mrefu, rozari shingoni, kanga mbili zilizofuliwa mpaka maua yakafifia. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni na kanisani. Mambo ya moyoni aliyasema kwa Kimwera. Alimtazama Teddy kutoka kichwani mpaka kwenye raba, akamkaribisha jikoni badala ya sebuleni. Edina, dada yake Fidelis, akamkonyeza mgeni: jikoni ni heshima.

Juu ya mafiga, kwenye dari la miti, vilining'inia vibuyu vyeusi kwa masizi. Mama aliteremsha kimoja, akakifuta kwa upindo wa kanga, akamwekea Teddy mikononi. Akasema maneno kwa Kimwera, taratibu. Ndani zilikuwa njugu mawe nyekundu za kukolea, zinanukia moshi.

"Anasemaje?"

Fidelis alikuna shingo. Uso ulikuwa umemwiva kwa aibu. "Anasema hii ni mbegu aliyopewa na mama mkwe wake. Ukaitunze."

Alitafsiri nusu. Nusu aliyoiacha ilikuwa hii: kwamba katika ukoo wao, binti anayepewa kibuyu anaombwa aingie kwenye nyumba. Akikubali, mvua zikishika anakuja kuzipanda kwa mkono wake kwenye shamba la mama, na kibuyu anakirudisha kitupu. Akikataa, hana haja ya kumwambia mtu neno gumu. Anakirudisha kikiwa na mbegu ndani, na hakuna atakayemuuliza. Fidelis aliona haya kumposa mwanamke wa digrii kwa kibuyu, mbele ya dada yake anayecheka. Alijiambia atamweleza siku ya kupanda, wawili tu, shambani. Mpaka leo siku ile ya jikoni ndiyo anayoijutia.

Teddy alirudi Nachingwea na kibuyu amekipakata. Na kwa sababu alikuwa anampenda Fidelis, alimfanyia mama yake kitu kikubwa kuliko vyote alivyojua kufanya. Alizipima mbegu zake.

Alitenga kiasi akaziweka kwenye visahani vya kiu na kwenye kabati la joto, sambamba na mbegu bora ya kituo. Mbegu ya kituo iliota haraka, mizizi myeupe imenyooka. Zile za Mama Kornelia zililala kimya. Teddy alizigeuza, akazisubiri, akasikitika. Saturnini, fundi wa maabara, alichungulia na kusema, "Hizo, bibi, ni kumbukumbu tu. Si mbegu tena."

Basi Teddy akafanya uamuzi wa upendo na wa kijinga. Mbegu za mama zilizobaki alizifunga kwenye mfuko akaziweka kwenye friji ya kituo. Kibuyu akakijaza njugu bora, nyeupe, zilizolingana kama shanga, ili mama asipande kitu ambacho hakitaota. Fidelis alikuwa Kilimarondo anapaua madarasa, mtandao wa kubahatisha, na Teddy akaona amfanyie mshangao. Akapanda basi, kisha bodaboda, mpaka Nambilanje.

Mama Kornelia alipokea kibuyu, akahisi uzito. Alifungua, akatazama ndani.

"Umerudisha."

"Ndiyo, mama. Na nimekuletea nzuri zaidi."

"Nzuri zaidi," alirudia mama.

"Zile zako zimechoka, mama. Nimezipima mwenyewe."

Mama alifunga kibuyu. Alimpikia ugali na kisamvu, akakaa naye mpaka akamaliza kula, akamuuliza habari za wazazi Same. Lakini Teddy alipoaga, mama alibaki amesimama mlangoni. Hakumsindikiza hata mpaka mwisho wa uwanja. Teddy aligeuka, akapunga mkono, akasema moyoni: mzee amechoka na jua.

Wiki hiyo hiyo mkuu wa kituo alimwita ofisini. Nafasi ya masomo Afrika Kusini aliyoiomba zamani, kabla ya Ruangwa, kabla ya mfuko kupasuka, ilikuwa imetoka. Shahada ya pili, miaka miwili, kuondoka Januari. Teddy alitoka pale. Aliinua simu ampigie Fidelis, akaishusha. Kesho nitamwambia, alisema. Ikafika kesho, akasema nitamwambia akirudi.

Simu ikaita yenyewe.

"Fide! Umetoka porini?"

"Nimetoka. Nimepita nyumbani." Sauti ilikuwa baridi kama chuma cha asubuhi. "Ungeniambia mwenyewe, Teddy. Kuliko kumpitishia mama."

Teddy alijua ni masomo. Nachingwea hakuna siri. Lazima mtu wa kituoni alisema, ikafika Ruangwa, ikafika Nambilanje.

"Nilitaka kukuambia. Kweli. Sikujua nianzie wapi."

"Kwa hiyo ni kweli."

"Ni kweli. Lakini Fide, haimaanishi kwamba..."

"Usinieleze. Mtu wa hadhi yako, ningejua tangu mwanzo. Mama hajasema neno baya juu yako, na mimi sitasema."

"Hadhi gani? Fide, si ungefurahi hata kidogo kwa ajili yangu?"

Fidelis akasema taratibu, kama mtu aliyepigwa ngumi kwenye jeraha, "Nifurahi?"

Akakata.

Kila mmoja alikuwa amesikia jibu ambalo mwenzake hakulitoa. Teddy alilia kwa hasira: mwanaume gani anamnunia mwanamke kwa sababu ya shule? Alipiga, haikupokelewa. Akapiga tena kesho yake. Baadaye kiburi kikaingia, kikakaa.

Siku anafungasha, alikwenda maabara kusafisha visahani vyake. Zile njugu nyekundu zilizoshindwa bado zilikuwa pale, hazijaoza wala kuota. Alizisuuza kwa maji safi aone zimekufaje, akaziacha kwenye karatasi mpya. Alipozirudia kabla ya safari, zilikuwa zimepasuka, na kila moja imetoa mzizi. Zilikuwa zimekataa kuota kwenye maji ya uongo, zikasubiri ya kweli. Zile nyeupe zilizowahi kuota zote zilikuwa zimenyauka ndani ya visahani.

Teddy alisimama na simu mkononi. Mtu mmoja tu duniani alitaka kumweleza. Alipiga. Iliita mpaka mwisho.

Pretoria kulikuwa na baridi, na maabara ya vyuma vinavyong'aa. Alisoma vizuri, ndicho alichokuwa nacho. Wenzake walimsifu kwa kazi yake ya mbegu zinazolala wakati wa ukame. Jioni alipika ugali wa unga wa kule, hauna ladha, akawa anaangalia picha ya Fidelis inayokaa juu ya namba yake kwenye simu: miwani kwenye paji la uso, anacheka. Siku moja picha ilibadilishwa ukawekwa msalaba. Alidhani ni Kwaresma.

Alirudi Nachingwea mwanzoni mwa mwaka, akakuta ukame. Alikuwa bado hajafungua mabegi yote simu ilipoingia kwa namba ngeni.

"Teddy? Edina hapa. Dada yake Fidelis."

Teddy alikaa kitandani. "Edina! Shikamoo ya mama mfikishie, na..."

"Mama hayupo, Teddy. Mwaka umepita sasa. Jumapili tunamwombea misa."

"Sikukupigia kwa hilo tu," Edina aliendelea. Alikuwa mtu wa kwenda moja kwa moja. "Mwaka huu mvua ya kwanza ilikuwa kubwa, tukapanda mbegu yote ya mama. Ikaota, ikatoa majani mawili, jua likaiunguza. Hatuna hata punje. Nikakumbuka wewe ulizichukua. Ulibakiza?"

"Zipo. Ziko kwenye friji."

"Mungu mkubwa. Zile nyeupe mama hakuzipanda, usikasirike. Ungezipandaje? Mtu akirudisha kibuyu na mbegu, kwetu amemkataa kijana. Huwezi kupanda kukataliwa."

Teddy alishika ukuta. "Amemkataa nani?"

Edina akamweleza yote, kama unavyomweleza mtu asiyejua njia.

"Hukujua," alisema Edina. Haikuwa swali. "Yaani yule mpumbavu hakukwambia."

"Fidelis yuko wapi?"

"Njoo Jumapili. Utamwona."

Teddy alizipima chache kwanza, maana mbegu iliyokaa haiaminiwi. Ziliota. Jumapili alivaa gauni jeusi la maua madogo, akajitanda kanga, akafika kigangoni Nambilanje misa imeshaanza. Alimwona Fidelis kwa mgongo, benchi la mbele, shati jeupe la mikono mirefu. Mabega yalikuwa yale yale. Njia nzima alikuwa amepanga maneno, na sasa kuyaona mabega tu kulimtosha kujua kwamba moyo wake haujawahi kuondoka.

Baada ya komunyo katekista alisimama na matangazo. Aliwakumbusha wanakwaya mazoezi. Halafu akasoma, kwa sauti ya kila Jumapili:

"Tangazo la pili la ndoa. Fidelis, mtoto wa marehemu Stefano na marehemu Kornelia, wa hapa Nambilanje, anatarajia kufunga ndoa na Valeria, wa Narung'ombe. Mwenye kujua kizuizi chochote amwone paroko."

Wanawake walipiga vigelegele. Edina aligeuka, akamtazama Teddy, macho yamejaa, akarudisha uso mbele.

Teddy na Fidelis walikutana makaburini, watu walipokwenda kula. Msalaba wa mama ulikuwa wa chuma, maungio yake laini kama yamemiminwa. Teddy hakuhitaji kuuliza nani aliuchomelea.

"Edina ameniambia," alisema Fidelis. Alikuwa amekonda, macho mekundu. "Lakini mbona ulikubali? Nilikupigia, ukasema ni kweli. Ukasema hukujua uanzie wapi."

"Nilikuwa nasema masomo, Fide."

"Masomo gani?"

"Nilipata nafasi ya kwenda Pretoria. Nilidhani umesikia. Nilidhani umekasirika kwa sababu naondoka."

Fidelis akachuchumaa pale pale, mikono kichwani.

"Na mimi nilidhani unaniambia nifurahi kwa kukataliwa."

"Nilikupigia tena na tena."

"Nilikuwa nakaa naitazama simu inaita. Nikisema nikipokea nitalia, mwanaume mzima, mafundi wananiona." Alicheka kicheko kibaya. "Ningekwambia maneno ya mama yote siku ile. Jikoni. Yalikuwa maneno machache tu, Teddy."

"Na mimi ningekwambia yangu siku ileile niliyoitwa ofisini. Usijibebeshe peke yako."

Fidelis alisimama, akamshika mikono. Viganja vilikuwa na makovu yale yale. "Tangazo limebaki moja. Niende kwa paroko?"

Hapo ndipo ulipokuwa moyo wa Teddy wote. Neno moja la ndiyo, na mwanaume wake alikuwa wake. Alilitafuta neno hilo akalikuta, lipo, kwenye ulimi.

"Mama aliugua muda mrefu?" aliuliza badala yake.

"Muda mrefu."

"Nani alimuuguza?"

Fidelis aliangalia chini. "Edina ana watoto. Valeria alikuwa muuguzi wa zahanati. Akawa anapita kila siku, kisha akawa analala hapa hapa. Alimwogesha mpaka mwisho."

"Unampenda?"

"Ni mtu mwema."

"Sikukuuliza hivyo."

"Nimejifunza," alisema. "Kwa shida. Na leo umenirudisha mwanzo."

Teddy aliitoa mikono yake polepole, kidole kimoja kimoja. "Basi utajifunza tena. Hajakosea kitu yule binti, Fide. Siwezi kumfanyia kwa makusudi tulichofanyiana kwa kutojua."

Jikoni kwa Mama Kornelia, Valeria alikuwa anakoroga maharage, mfupi, mweusi, kitambaa cha kichwa kimefungwa imara. Alipomwona mgeni aliufuta mkono akaamkia.

"Karibu, dada Teddy. Nakujua. Mama alikuwa akikutaja."

"Alisemaje?"

"Kwamba ulikula ukamaliza sahani. Alipenda hilo." Valeria alishusha mwiko. "Kama una neno na Fidelis, liseme leo. Mimi sitaki kuolewa na mtu anayeangalia barabarani."

"Tumeshaongea. Yamekwisha." Teddy alifungua mkoba, akatoa mfuko. "Nimekuja na hizi. Ni za mama. Teremsha kibuyu."

Kilikuwa kile kile. Valeria alikikung'uta, Teddy akamimina. Njugu nyekundu ziliingia kwa mlio wa mvua ya kwanza kwenye bati, na wanawake hao wawili waliinamisha vichwa pamoja kuangalia.

"Usipande mvua ya kwanza," Teddy alisema. "Iache ipite. Na nyingine zitachelewa kuota, usidhani zimekufa." Akakisogeza kibuyu kwa Valeria. "Na kibuyu kirudishe kitupu."

Kazini kwao kuna kanuni ambayo hata mwanafunzi wa mafunzo anaijua: mbegu haitoki yote, lazima ibaki akiba. Kesho yake Saturnini alipofungua friji aliuliza akiba ya Nambilanje iko wapi. Teddy alimjibu kwamba haipo, akaendelea kuosha visahani.

Siku ile ya misa, Fidelis alimsindikiza. Alivuka naye uwanja, akapita kigango, akafika barabarani, akasimama naye mpaka bodaboda ikaja. Hawakushikana mikono tena.

Alimpigia mara moja tu baada ya hapo, msimu uliofuata, harusi ikiwa imeshapita. Nyuma ya sauti yake mvua ilikuwa inanyesha.

"Zimeota," alisema.

"Zote?"

"Bado. Nyingine zimelala. Valeria anataka kuzifukua aone."

"Mwambie asizifukue. Aziache."

"Nitamwambia."

Mvua ikaendelea kati yao.

"Teddy."

"Abee."

"Umevaa sweta? Huko kwenye mafriji yenu?"

"Nimevaa."

"Muongo," alisema Fidelis. "Haya. Basi."

Hakukata. Teddy aliisikiliza mvua ya Nambilanje kidogo, kisha akakata yeye.